Beseni la Selestini

Watu wa Katubuka wana midomo, jamani. Gari ambalo Selestini aliliunga kwa mikono yake kwa miaka sita, bolti baada ya bolti, wao walikwisha kulipa jina kabla halijawashwa hata mara moja: Beseni. Na kusema kweli, ukilitazama kwa jicho baya, beseni ni beseni. Mwili wa bati la aluminiamu linalong'aa, paa hakuna, milango hakuna, viti viwili vya kubanana, pua ndefu, taa mbili zilizochomoza kama macho ya chura, na magurudumu manne yamesimama nje peke yake utadhani yamegombana na gari. Wanaume wanane wakiamua wanalinyanyua. "Baba Diana, leo unafulia wapi?" ndivyo wanavyomsalimu akikatiza Rusimbi, naye hujibu kwa honi, pii, maisha yanaendelea.

Lakini Jumamosi ile ya mwezi wa saba, uani kwa mama mkwe wake kule Kidahwe, Selestini alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele na utani wote umemwisha. Aliigusa ringi kwa kiganja, akautoa mkono mbio. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Upande wa pili vilevile. Na ile harufu ya breki kuungua alikuwa anaisikia tangu anapita Mwandiga, akajifanya ni watu wanachoma taka.

"Kuna nini, mkwe?" Bibi Astérie akauliza kutoka barazani.

"Hakuna kitu, mama."

Mdomo ulijibu wenyewe, wala hakuutuma. Na hayakuwa maneno mageni. Alikwisha kuyasema mara moja, miaka kumi na moja nyuma, na mtu aliyeambiwa hakurudi.

Ngoja nieleze, nisije nikawafanya mumwone mjinga bure.

Selestini ni fundi wa injini za boti. Miaka thelathini yupo pale Kibirizi, ufukweni, kichwa ndani ya mashine za boti za mbao zinazokwenda Kagunga na vijiji vya kaskazini. Gari lilimjia kwa bahati. Mhandisi mmoja wa Kidenmaki, aliyekuwa akishughulikia boti za utafiti ziwani, aliliagiza likiwa vipande ndani ya masanduku matatu: fremu ya mabomba, mabati, vioo, nyaya, na kitabu kinene cha michoro. Alitaka alijenge mwenyewe akistaafu. Mgongo ukamkatalia, akarudi kwao, na masanduku akamwachia fundi wake. Kitabu kilikuwa cha lugha ambayo Selestini haijui, ila mchoro ni mchoro. Injini na ekseli akavitoa kwenye Corolla moja ya zamani iliyokuwa inaota nyasi kule Ujiji. Kulipatia namba ndiyo usiniulize, maana kila ofisa aliyelikagua alianza kwa kuuliza paa limekwenda wapi.

Na kuwa na gari la namna ile si mchezo. Barabara zetu mnazijua. Ukitembea saa moja, unakaa nusu saa na spana unazunguka kukaza kila nati, maana jepesi lile linaruka kwenye kila shimo na kila mruko unalegeza kitu. Mvua ikikukuta, umelowa. Vumbi likikukuta, unafika nyumbani nyusi nyekundu. Lakini Jumapili, Marcelina mkewe akijifunga kitambaa kichwani wakashuka Ujiji kula mihogo na kurudi, upepo usoni, lile gari likishika kona kama limeshonwa barabarani, aisee, Selestini alikuwa anasahau kwamba ana umri wa miaka hamsini na saba. Siku moja walifika mpaka Uvinza na kurudi, na mwezi mzima hakuwa na hadithi nyingine.

Wiki moja kabla ya safari hii ya Kidahwe, alibadilisha raba za breki. Za zamani zilikuwa zinavujisha. Akanunua mpya kwa Yona, muuza spea wa Rusimbi, akakaa nazo chini ya mwembe wa jirani. Zikagoma kuingia kwenye silinda. Akachovya kidole kwenye kopo la mawese, akazipaka kidogo, zikateleza ndani kama mtoto anayeingia kulala. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote kwa raba za pampu za boti. Nani Kigoma hana kopo la mawese? Tunakaangia, tunajipaka, tunalainishia bawaba za mlango. Breki zikashika vizuri, akafurahi, akaosha mikono.

Sasa huyu Bibi Astérie. Familia yake ilivuka kutoka Burundi zamani, yeye bado msichana, wakalima Kidahwe hadi wakawa wa Kidahwe. Alizaa watoto wawili tu waliokua: Marcelina, na wa kiume, Irambona. Irambona hakulipenda jembe hata siku moja. Alishuka ziwani, akawa msaidizi wa nahodha kwenye boti ya mizigo na abiria, na injini ya boti hiyo aliifunga shemeji yake, Selestini.

Asubuhi ya kuijaribu kwa safari ya kwanza, injini iliunguruma vizuri. Ila chini ya ule muungurumo Selestini akasikia kitu kinagonga. Ko. Kimya. Ko-ko. Kidogo tu, kama mtu anayebisha kwa ukucha. Kuifungua tena ilikuwa kazi ya siku nzima, abiria wamekwisha panda, mwenye boti anafoka. Irambona akainama juu ya tundu la injini, akauliza, "Shemeji, iko sawa?"

"Hakuna kitu," Selestini akasema. "Itafika tu."

Haikufika. Injini ilikata mbali na nchi kavu, upepo ukageuka, mawimbi yakailaza boti ubavu. Watu tisa waliokolewa. Irambona hakuonekana, wala mwili wake.

Kwenye matanga, Bibi Astérie alimwita Selestini, akamwuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mkwe, boti ilikuwa nzima?" Selestini akajibu, "Ilikuwa nzima, mama." Na kila mwaka baada ya misa ya kumwombea marehemu, bibi alirudia swali lile lile, naye akarudia jibu lile lile. Hakuwahi kumwambia mtu. Marcelina hajui. Padri hajui. Aliibeba ile ko, ko-ko, miaka kumi na moja, na baadhi ya siku akiwa anakaza nati alikuwa anaisikia mpaka anatazama nyuma.

Bibi naye alikuwa na yake. Tangu siku hiyo hakula dagaa wala migebuka, na hakukanyaga ziwani. Msiba nao hakuuondoa. Hakuna mwili, hakuna kaburi, mtu anaondoa msiba kwa kutazama nini? Lakini mwaka huu macho yakaanza kuingia ukungu. Akamwita bintiye akamwambia kwamba anataka kuyaona yale maji kabla macho hayajafunga kabisa, na ale dagaa palepale ufukweni, na msiba uishe. Tatizo usafiri. Gari la kufungwa linamtapisha kabla hajafika Mwandiga. Pikipiki, nyonga haziwezi. "Si mumeo ana lile gari lisilo na paa?" akasema. "Aje anichukue."

Asubuhi ile, Selestini anawasha gari, Marcelina alikuja akasimama kando yake na ufagio mkononi. Hakuwa na maneno mengi. "Baba Diana, mama ninaye huyo mmoja. Nakungoja Kibirizi. Mfikishe."

"Nitamfikisha," akasema. Na hilo ndilo neno lililokuwa limemkaa kichwani pale uani Kidahwe, na ringi zinamchoma mkono.

Mtu mwingine angesema tu: breki zina shida, tuahirishe. Lakini ebu simama pale alipokuwa amesimama. Nusu ya kijiji imejaa uani kuja kumwona bibi anavyopanda Beseni. Bibi mwenyewe amevaa kitenge kipya na viatu ambavyo havijaona vumbi. Amejiandaa miaka kumi na moja. Selestini akajiambia ngoja zipoe. Akanywa maji, akazungumza na huyu na yule, akarudi akagusa. Zimepoa. Akakanyaga pedeli. Ngumu, ngumu kuliko kawaida, lakini inashika. Itafika tu, akajiambia.

Ikaja habari ya kukaa. Kwa watu wetu mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai bega kwa bega, na hawali chombo kimoja. Miaka ishirini na minne Selestini alimsalimu bibi kwa mbali, amechutama, akipiga makofi polepole, "Mwakeye, mama," naye akiitikia huku amegeuza uso kidogo. Sasa mle ndani ya Beseni, bwana, hata mtu na mkewe wanakaa wamebanana. Watu wote pale uani walikuwa wamekuja kuona hilo hasa. Bibi hakubabaika. Akaingia ndani, akatoka na ungo, akapandishwa garini, akauchomeka ule ungo katikati yao, umesimama wima kama ukuta. Watu wakaangua kicheko wakapiga vigelegele.

"Haya, twende," akasema bibi nyuma ya ungo.

Kilomita za kwanza barabara ni tambarare, na upepo ulikuwa mzuri. Bibi alivua kilemba. Selestini alimsikia anacheka peke yake, kicheko kidogo cha puani. "Mkwe, kumbe ndege wanaona raha hivi!" Katika siku nyingine neno hilo angelihifadhi mwaka mzima. Siku hiyo alilisikia kwa sikio moja tu, maana jingine lilikuwa kwenye magurudumu. Gari lilikuwa zito. Alikuwa anakanyaga mafuta na gari linasita, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Breki zinashika zenyewe, wala hajazigusa. Harufu ikarudi.

"Kuna kitu kinaungua?" bibi akauliza.

"Wanachoma taka, mama."

Akakunja kona moja, na mteremko ukafunguka mbele yao. Mnaujua ule mteremko. Mrefu, na chini kuna kona, na kwenye kona kuna kina mama wameketi na ndizi zao. Selestini akakanyaga breki ili aanze kushuka taratibu.

Pedeli haikuwa ngumu tena. Ilizama. Ilikwenda chini mpaka kwenye bati na gari halikusikia chochote.

Akapampu, mara moja, mara mbili, mara tano, mguu unakanyaga hewa. Akarudisha gia ya pili, injini ikalia kwa uchungu, akalazimisha ya kwanza, akavuta hendi breki, akauona ukingo wa udongo kushoto, akalielekeza gari huko kwa upole kadiri alivyoweza. Gurudumu likapanda udongo, likatimua vumbi, gari likatetemeka, likasimama. Mbele ya pua yake mteremko wote ulikuwa umelala unamngoja.

Injini imezima. Mikono ya Selestini ilikuwa imeng'ang'ania usukani na haitaki kuachia.

"Mkwe," sauti ikatoka nyuma ya ungo. "Kuna nini?"

Na mdomo ule ule ukafunguka useme kilekile. Aliyaona maneno yamepanga foleni: hakuna kitu, mama, tunapumzisha injini. Angeyasema, angeaminiwa. Angengoja breki zipoe, zingeshika tena kidogo, angeshuka kwa gia ya kwanza akimwomba Mungu, na labda wangefika. Labda. Ndivyo boti ile nayo ilivyokuwa na labda yake.

"Gari halina breki," Selestini akasema.

Sauti ilimtoka nyembamba akajionea aibu. Selestini akashuka, akaweka jiwe chini ya kila gurudumu, akafungua boneti, akafungua kikopo cha oili ya breki. Raba ya kifuniko ilikuwa imevimba kama andazi. Juu ya oili palikuwa na utando mwekundu. Akauchovya ule wekundu kwa kidole, akaunusa, na taratibu, kama mtu anayesoma barua mbaya, akaelewa. Mawese. Mawese yale aliyopaka kwa kidole yamezivimbisha raba, raba zimevimba zikabana breki, breki zimeungua mpaka oili ikachemka. Fundi wa miaka thelathini! Boti haina breki, ndugu zangu. Kitu pekee katika gari lile zima ambacho mikono yake haikuwahi kukijua, ndicho alichokifanya kwa mazoea.

"Nimekosea mimi," akasema, bado ameinamia boneti. "Nilipaka mawese kwenye raba za breki. Nilijua tangu uani kwako kwamba kuna shida, mama. Nikakwambia hakuna kitu. Shuka, nitakutafutia namna ya kurudi nyumbani."

Ungo ukasogea. Uso wa bibi ukatokea pembeni yake, ukamtazama Selestini moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umejua tangu uani?"

"Tangu uani."

"Na sasa umenambia." Akaurudisha ungo mahali pake. "Sishuki. Nyumbani si ndiko nilikotoka? Tafuta namna ya kwenda mbele."

Sasa namna gani? Selestini alizunguka gari mara tatu. Akili ilikuwa imeganda. Ndipo likaja Fuso la mbao kutoka Kasulu, limejaa makuli wamekaa juu ya mzigo, na dereva, Meshack, mtu wa Ujiji anayemfahamu toka zamani, akasimama acheke kwanza. "Fundi! Beseni limetoboka?" Lakini alipomwona bibi mzee ndani, kicheko kikamkatika, akazima injini.

Selestini alitazama kamba zilizofunga zile mbao. Kamba nene, za katani, kama za Kibirizi. Na hapo akili ikamrudia. Breki hajui, sawa. Lakini kushusha kitu kizito kwenye mteremko hadi majini, hilo nani atamfundisha? Mara ngapi ameshusha boti mpya ufukweni, watu nyuma wameegemea kamba, wanaachia kidogo kidogo?

"Meshack, nipe kamba na watu wanane," akasema. "Tunalishusha kama boti."

Walifunga kamba mbili kwenye fremu ya nyuma, fundo la boti, na Selestini alilijaribu kila fundo mara mbili, halafu akalijaribu mara ya tatu. Makuli wakajipanga nyuma, visigino ardhini. Meshack akatangulia na Fuso polepole, mbele kabisa, apige honi kuwaondoa watu kwenye kona. Selestini akaingia, gia ya kwanza, injini haikuwashwa, mawe yakaondolewa.

"Achia!" akapaza sauti. Gari likajongea hatua. "Shika!" Likasimama. "Achia! Shika!"

Walishuka hivyo, hatua kwa hatua, kamba zikilia, makuli wakiitikia kwa wimbo wa kushushia boti ambao wawili kati yao waliujua na sita wakaudandia. Pikipiki zikasimama. Watu wakatoa simu. Kesho yake Katubuka nzima ingekuwa na picha hizo na Selestini alilijua hilo, ajabu ni kwamba halikumuuma hata kidogo. Hofu yake yote ilikuwa kwenye zile kamba mbili.

Katikati ya mteremko, kuli mmoja alikanyaga changarawe akateleza. Kamba ya kushoto ikapwaya. Gari likafyatuka mbele, pua ikageuka kuelekea bondeni, hatua tatu, nne, tano. "Shikaaa!" Selestini akapiga kelele, na papo hapo akahisi mkono umekamata mkono wake. Mkono mkavu wenye nguvu za jembe. Ungo ulikuwa umeanguka miguuni. Kamba ya kulia ikakaza, ya kushoto ikadakwa, gari likasimama kwa mshtuko.

Bibi hakuuachia ule mkono. Aliushika mpaka chini kwa kina mama wa ndizi.

Toka pale walikwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, Fuso linafuata nyuma na kamba tayari, na kila palipokuwa na mteremko makuli walishuka. Safari ya dakika arobaini iliwachukua saa tatu. Walipofika Kibirizi jua lilikuwa limepita utosi. Marcelina alikuwa amesimama ufukweni, ameshika kichwa, na alipowaona alikaa chini mchangani kama aliyekatwa miguu.

Bibi Astérie alisaidiwa kushuka. Akatembea hadi maji yakagusa viatu vyake vipya. Akasimama pale. Hakuna aliyeweza kujua anaona nini kwa macho yale, ila kuyasikia maji aliyasikia. Marcelina akanunua dagaa wakavu kwa wanaoanika pale, akawaweka kwenye ungo, akaukalisha ungo juu ya mchanga kando ya gari. Bibi akarudi, akaketi, akawatazama wale dagaa bila kuwagusa.

"Marcelina, nenda kanunue maji ya kunywa," akasema. Bintiye alipokwisha kwenda, akainua uso.

"Mkwe. Boti ilikuwa nzima?"

Selestini alikuwa amesimama, ameegemea bati la gari. Alilijua jibu la miaka kumi na moja, lilikuwa tayari, lilikuwa laini kwa kutumika.

"Haikuwa nzima, mama. Kuna kitu kilikuwa kinagonga. Nilikisikia. Irambona aliniuliza, nikamwambia hakuna kitu."

Boti moja ilikuwa inapakia mchele. Watu walikuwa wanabishana kuhusu magunia. Selestini hakuthubutu hata kufuta machozi yaliyokuwa yanamshuka.

"Ilikuwa inagongaje?" bibi akauliza.

"Mama?"

"Nigongee. Nisikie."

Selestini akageukia gari lake. Akakunja kidole, akagonga kwenye bati. Ko. Akangoja. Ko-ko. Ilikuwa ndiyo hasa, hakuikosea hata kidogo.

"Tena," bibi akasema.

Akagonga tena. Ko. Ko-ko. Mama yake Irambona aliinamisha kichwa akisikiliza, mkono kifuani, kama mtu anayesikia hodi ya mtu anayemfahamu. Halafu akaokota dagaa mmoja, akampangusa mchanga, akamtia mdomoni, akatafuna polepole kwa meno yake machache mpaka akammeza.

"Msiba wangu umeisha," akasema. "Marcelina utamwambia mwenyewe, leo, kabla hatujalala. Breki utatengeneza. Nitakaa kwenu mpaka zipone, na kwa gari hili hili utanirudisha."

Akausukuma ungo kwa mkwewe, mtu ambaye kwa miaka ishirini na minne bibi hakuwahi kumwona akitafuna.

"Kaa chini. Kula."

Selestini alikaa. Marcelina alikuwa anarudi na chupa za maji, anatabasamu, hajui lolote. Selestini akachukua dagaa kwa mkono uliokuwa bado unanuka mawese, akala.